Mguu wa Kushoto

Tulianza kwa kutoa, si kwa kuweka.
Lile busta, jeusi, pana kama sufuria ya msibani,
nililifungua nati nne nikalilaza juu ya gunia
hapa Bombo, nyuma ya duka la Rehani la mafuta ya taa.
Halikuwa bovu. Njaa ndiyo iliyolishinda:
kemshafti yako mpya, Nakimera, ile yenye nundu ndefu,
inaunguruma kama mlevi aliyedhulumiwa
wala haibakishi pumzi ya kulilisha.

Basi iwe chuma, na mafuta, na mguu.

Nilipima pedali kwa rula ya mwanangu wa darasa la nne,
toka egemeo hadi unyayo, toka egemeo hadi fimbo:
nne kwa moja. Hiyo ni hesabu ya gari la mkurugenzi.
Nikapanda na drili, nikatoboa tundu jipya karibu na egemeo,
sita kwa moja,
chuma kikadondoka kimejikunja
kama nywele za mtoto siku ya kunyolewa.
Silinda ya inchi moja nikaipa likizo.
Nikafunga nyembamba, ya robo tatu, toka Kisekka,
niliyouziwa na Ssebaggala baada ya kutukanana na kucheka.

Kati ya fimbo na pistoni lazima ibaki nafasi.
Nilichomeka kadi ya simu ya elfu moja, haijakwanguliwa;
ikipita kwa shida kidogo, hapo hapo, funga.
Ukibana kabisa, breki zitajishika zenyewe njiani
kama mtu aliyekumbuka deni.

Kisha upepo. Gurudumu la mbali kwanza, nyuma kushoto.
Sebiti ndani, mimi chini, mrija kwenye chupa ya Mirinda.
"Kanyaga!" "Nimekanyaga!"
"Shika!" "Nimeshika!"
Viputo vikubwa, viputo vidogo,
adhana ya magharibi ikatukuta gurudumu la tatu,
na kimoja kikatoka mwisho kabisa, peke yake,
kama mgeni aliyerudia mwavuli.
Ndipo pedali ikawa jiwe.

Ulifika saa mbili usiku, bado na sare ya duka la dawa.
Nilisimamisha ukutani mizani ya mke wangu,
nikakuketisha kwenye kiti cha gari, nikakwambia sukuma.
Mguu wa kulia: kilo thelathini na nane.
Sikusema kitu. Nilifuta mikono isiyokuwa michafu.
Thelathini na nane, mara sita,
na kule Busiika, baada ya mita mia nne,
lami inakwisha bila kuaga.
Kichwani nilikuwa nimeshalirudisha busta, na pesa zako pia.

"Mbona unapima huo?" ukauliza. "Wa kulia ni wa mafuta.
Breki naishika na huu."
Ukavua kiatu. Mshale ukaruka sitini,
sitini na tano, kitu ndani ya mizani kikalia ta!
na ukuta ukadondosha chokaa.
Shuleni Luweero ulicheza winga ya kushoto,
na mimi, fundi wa miaka ishirini, sikuwa nimeuliza.

Usiku ule nikaikata pedali, nikaichomelea upya,
pana, imesogea kushoto vidole viwili na nusu.

Jumapili watu walikuja kutazama mwanzo:
moshi wa matairi, vigelegele, simu juu.
Mimi nilisimama kule mwisho, penye nyasi,
na ng'ombe wawili wa mtu.
Ukaja. Sauti ikaja nyuma yako.
Ulivuka mstari, nikahesabu moja,
pua ya gari ikapiga goti kama inasalimia wakwe,
taa nyekundu zikawaka, zikakaa,
hakuna tairi lililolia.
Hatua thelathini zilibaki.

Hakuna aliyepiga makofi; walishageukia gari linalofuata.
Ng'ombe mmoja aliinua kichwa.
Nikatoa ile kadi mfukoni, ina mafuta pembeni,
nikaikwangua kwa ukucha, tarakimu moja moja,
nikampigia mke wangu
kumwambia ukweli kuhusu mizani.